Sahani, Sindano au Kisu: Ulinganisho kwa Anayetaka Kupunguza Uzito

Anayesema "nataka kupungua" mara nyingi si mgeni wa jambo hilo. Kashapungua kilo sita, zikarudi nane. Kashaacha sukari miezi mitatu, kashajiandikisha gym akaenda wiki mbili. Safari hii amekwama kwa sababu njia zimeongezeka: kuna kubadili chakula na kufanya mazoezi, kuna sindano za kila wiki ambazo siku hizi hazikosekani kwenye mazungumzo, na kuna upasuaji wa tumbo. Ukiuliza watu, kila aliyefanikiwa kwa njia yake atakwambia nyingine ni kupoteza muda au ni hatari tupu.

Mimi ni mtu wa sahani. Nimepanda na kushuka na mzani kwa miaka, na sasa nimetulia kilo tisa chini ya nilipokuwa. Dada yangu anachoma sindano. Rafiki yangu wa siku nyingi alipasuliwa. Tukikaa watatu hatubishani tena nani alichagua vizuri, maana tumegundua kila mmoja analipa gharama ya aina yake, na hakuna ambaye angeweza kulipa ya mwenzake. Swali la kubeba katika ulinganisho huu ni hilohilo: gharama ipi unaweza kuilipa kwa miaka kumi mfululizo?

Kwa nini kilo hurudi

Mafuta ya mwili si ghala bubu. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitangaza ugunduzi wa jeni ya leptini, homoni inayotoka kwenye seli za mafuta na kuuarifu ubongo akiba iliyopo. Mafuta yakipungua leptini inashuka, na ubongo unaisoma hali hiyo kama njaa iliyoingia nchini. Ghrelini nayo, homoni inayotolewa zaidi na sehemu ya juu ya tumbo, inapanda. Unajikuta una njaa kuliko kabla hujaanza, na mwili wenyewe umeanza kubana matumizi.

Ungetarajia hayo yapite baada ya wiki chache. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2011 uliwafuatilia watu 50 waliokula chakula cha kalori chache sana kwa wiki kumi. Mwaka mzima baadaye homoni zao za njaa na shibe zilikuwa bado hazijarudi zilipokuwa. Mwaka 2016 Kevin Hall, mtafiti wa serikali ya Marekani, naye alitoa matokeo ya washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito. Walikuwa wamepungua wastani wa kilo 58. Miaka sita baadaye walikuwa wamerudisha kama kilo 41, na miili yao ikiwa imepumzika ilitumia karibu kilokalori 500 kwa siku pungufu ya kiasi kinachotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Yaani huyo, ili asinenepe, inabidi ale pungufu ya mwenzake wa uzito uleule kwa kiasi cha mlo mmoja hivi, kila siku, huku njaa yake ikiwa kubwa zaidi.

Kwa hiyo mtu akikwambia kilo zimerudi kwa sababu wewe ni mvivu, msamehe, hajui anachokisema. Njia zote tatu hapa chini zinapambana na ulinzi huohuo wa mwili, ila kila moja inaushambulia upande wake.

Vigezo

Nitaipima kila njia kwa mambo matano: inapunguza nini, inadumu kiasi gani, ina madhara gani, inakupa mzigo gani wa kila siku, na kama kuna mlango wa kurudi ukibadili mawazo. Kisha nitasema inamfaa nani.

Hilo la kwanza linahitaji maelezo kidogo, kwa sababu watu wengi husoma mzani pekee. BMI, yaani uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe, msingi wake uliwekwa miaka ya 1830 na Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, ambaye alikuwa mtaalamu wa hesabu na nyota, si daktari. Inafaa kupanga makundi ya watu: 25 na kuendelea ni uzito uliozidi, 30 na kuendelea ni unene uliopitiliza. Haijui kama uzito wako ni misuli au kitambi.

Chukua futi ya fundi cherehani. Vua shati, simama wima, tafuta kwa vidole mbavu ya mwisho na ncha ya juu ya nyonga, zungusha futi katikati ya hapo, toa pumzi ya kawaida bila kuvuta tumbo ndani (wote huwa tunavuta), soma. Ikiwa namba hiyo imezidi nusu ya urefu wako, mafuta yamejikusanya ndani, kuzunguka ini na utumbo, na hayo ndiyo yanayovuruga umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia na kuhifadhi chakula. Kamilisha picha kwa vipimo vinne: sukari kabla ya kula, shinikizo la damu, trigliseridi (aina ya mafuta ya kwenye damu), na kolesteroli nzuri ya HDL. Sukari ya 5.6 mmol/L au zaidi, shinikizo la 130 kwa 85 au zaidi, trigliseridi za 1.7 mmol/L au zaidi, HDL iliyo chini, na kiuno kipana: ukiwa na matatu kati ya hayo matano, madaktari husema una mkusanyiko wa dalili za umetaboli ulioharibika. Hayo ndiyo ya kuyashusha. Mzani ufuate.

Na kabla ya kuchagua chochote, muulize daktari kuhusu dawa unazotumia tayari. Dawa za steroidi, insulini na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huongeza uzito. Wakati mwingine kubadilishiwa dawa moja kunafanya kazi ambayo miezi sita ya kujinyima haikuifanya.

SAHANI: chakula na mazoezi

*Inapunguza nini.* Tuanze na ugomvi wa wanga na mafuta, tuumalize. Mwaka 2018 Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford alitoa matokeo ya watu 609 waliogawanywa makundi mawili kwa mwaka mmoja, kundi moja likipunguza mafuta na jingine likipunguza wanga. La mafuta lilipungua kilo 5.3, la wanga kilo 6.0, tofauti isiyo na uzito wowote kitakwimu. Kilichonigusa zaidi ni kwamba ndani ya kila kundi kuna waliopungua kilo nyingi mno na kuna walioongezeka. Kufunga kula kwa saa kadhaa kila siku nako kumepimwa. Jaribio la watu 139 la mwaka 2022 liliona kwamba ukilinganisha na kupunguza kalori kwa kawaida, kubana saa za kula hakukuongeza faida. Chagua ule mtindo ambao hauoni shida kuuishi.

Kitu kimoja ningekisisitiza kuliko hivyo vyote, nacho ni chakula kilichosindikwa kupita kiasi viwandani. Mwaka 2019 Hall aliwafungia watu 20 katika kituo cha utafiti, wiki mbili wakila vyakula vya namna hiyo na wiki mbili wakila vyakula visivyosindikwa, milo ikiwa imepangwa na sukari, mafuta na nyuzinyuzi za kiasi kilekile, nao wakiruhusiwa kula mpaka washibe. Katika wiki za vyakula vya viwandani walikula karibu kilokalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka karibu kilo moja. Hakuna aliyewalazimisha.

Kwa wastani, njia ya sahani ikisimamiwa vizuri hutoa asilimia 5 hadi 8 ya uzito. Inaonekana kidogo. Lakini mpango wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliochapishwa 2002 ukiwa na washiriki 3,234, ulilenga asilimia 7 tu na dakika 150 za mazoezi kwa wiki, na ulipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Dawa ya metformini katika utafiti huohuo ilipunguza kwa asilimia 31. Kwa mwenye kisukari tayari, utafiti wa DiRECT wa Roy Taylor na Mike Lean nchini Uingereza uliwaweka watu kwenye vinywaji maalumu vya takribani kilokalori 850 kwa siku, miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishwa kwenye chakula polepole. Baada ya mwaka, asilimia 46 hawakuwa tena na kisukari wala dawa zake. Miongoni mwa waliopungua kilo 15 au zaidi, walikuwa 86 katika kila 100.

*Inadumu?* Hapa ndipo inapoyumba. Hao asilimia 46 wasio tena na kisukari walikuwa 36 ilipofika mwaka wa pili, na idadi yao iliendelea kushuka. Utafiti mwingine mkubwa wa Marekani, Look AHEAD, ulikuwa na watu 5,145 wenye kisukari. Kundi lililosimamiwa kwa karibu lilipungua asilimia 8.6 mwaka wa kwanza. Mwaka wa nane lilikuwa limebakiwa na asilimia 4.7. Nusu yao bado walikuwa wamepungua asilimia 5 au zaidi, kwa hiyo si kweli kwamba kila mtu hurudi alikotoka. Ila haukuonyesha kupunguza shambulio la moyo wala kiharusi, na ulisimamishwa 2012.

*Madhara.* Machache. Anayetumia insulini au vidonge vinavyosukuma kongosho kutoa insulini asianze kupunguza chakula kabla dozi hazijaangaliwa, sukari inaweza kushuka ghafla. Anayepungua kwa kasi anaweza kupata mawe kwenye kifuko cha nyongo. Na aliyewahi kuugua ugonjwa wa kula, wa kujinyima au wa kula na kujitapisha, kuhesabu kalori kunaweza kumrudisha shimoni.

*Mzigo wa kila siku.* Mkubwa kuliko inavyosemwa, na hauonekani. Ni kazi ya kichwa. Kila sherehe ni hesabu, kila safari ni mipango. Mazoezi yenyewe, niseme wazi, hayapunguzi kilo nyingi. Kutembea kwa kasi nusu saa kunachoma kalori ambazo vijiko vichache vya chakula vinazirudisha. Kazi yake kubwa ni kulinda misuli, kushusha sukari na kuzuia kilo zisirudi.

*Mlango wa kurudi.* Uko wazi saa zote. Hiyo ni faida, na pia ndilo tatizo lake.

*Inamfaa* mwenye BMI ya kati ya 25 na 30 na kitu kidogo juu ya hapo, mwenye sukari inayokaribia kisukari, aliyegunduliwa kisukari karibuni, na yeyote ambaye nyumbani kwake chakula kinapikwa kwa makubaliano. Akipika mmoja na kuamua mwingine, ni vita.

SINDANO: semaglutide, tirzepatide na ndugu zao

Tukila, utumbo hutoa homoni iitwayo GLP-1. Inaiambia kongosho itoe insulini, inalichelewesha tumbo kumwaga chakula, na inaupelekea ubongo habari ya shibe. Shida ni kwamba inavunjwa ndani ya dakika chache. Ufumbuzi ulianzia mahali pa ajabu: mapema miaka ya 1990 daktari John Eng wa New York aliikuta kwenye sumu ya mjusi mmoja wa majangwa ya Amerika Kaskazini kemikali inayofanana na GLP-1 lakini inayodumu. Kutoka hapo ikapatikana dawa ya kisukari ya exenatide mwaka 2005. Semaglutide, iliyoruhusiwa Marekani kwa ajili ya uzito mwaka 2021, inadumu wiki nzima mwilini. Tirzepatide, iliyofuata 2023, inaiga homoni mbili kwa pamoja.

*Inapunguza nini.* Katika jaribio la watu 1,961, waliochomwa semaglutide kwa wiki 68 walipungua wastani wa asilimia 14.9, waliochomwa sindano isiyo na dawa, asilimia 2.4. Tirzepatide kwa dozi ya juu ilifikisha asilimia 20.9 kwa wiki 72. Zilipokutanishwa ana kwa ana, matokeo yaliyotoka 2025, tirzepatide ilipata asilimia 20.2 na semaglutide 13.7. Kuhusu moyo, jaribio la SELECT la mwaka 2023 liliwachukua watu 17,604 wenye ugonjwa wa moyo na mishipa, wenye uzito uliozidi lakini wasio na kisukari, na semaglutide ilipunguza mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 20. Hilo sahani haijawahi kulionyesha kwenye jaribio kubwa la watu wenye unene, nami kama mtu wa sahani nalikiri.

Wastani lakini unaficha watu. Karibu watu 14 katika kila 100 waliotumia semaglutide hawakufikisha hata asilimia 5.

*Inadumu?* Inadumu ukiendelea. Waliosimamishiwa semaglutide walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya walichopungua ndani ya mwaka mmoja, na shinikizo la damu na sukari navyo vikaelekea kulekule vilikotoka. Wengine huchukulia habari hiyo kama kashfa. Mimi sioni ajabu. Dawa ya shinikizo ukiiacha, shinikizo linarudi. Ajabu ni mtu kuanzishiwa bila kuambiwa.

*Madhara.* Kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kinyume chake choo kugoma, hasa dozi inapopandishwa. Mara chache zaidi, mawe ya nyongo na kuvimba kongosho. Sehemu ya kilo zinazotoka ni misuli, kwa hiyo protini ya kutosha na mazoezi ya kunyanyua uzito si hiari, na kwa aliyezidi miaka 65 ndiyo kwanza. Haziwafai wenye saratani fulani ya tezi ya shingo, ile ya medula, wao au ndugu zao wa damu. Mwanamke anayepanga kushika mimba aache semaglutide walau miezi miwili kabla, na anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango aulize kuhusu tirzepatide, kwa sababu inaweza kuvipunguzia nguvu mwanzoni na kila dozi inapopandishwa. Ukienda kufanyiwa upasuaji wowote wa nusu kaputi, sema unachoma sindano hizi; chakula kinaweza kuwa bado tumboni hata baada ya kufunga.

Wapo wanaoziogopa kwa sababu ya historia, nao hawajakosea kuwa waangalifu. Fenfluramine iliondolewa sokoni 1997 kwa kuharibu vali za moyo, sibutramine ikafuata 2010. Tofauti ni kwamba safari hii majaribio ya moyo yamefanyika na matokeo yamekuja upande mzuri. Hatari ya sasa iliyo kubwa zaidi ni bidhaa bandia na michanganyiko inayouzwa mitandaoni bila daktari. Usiiguse.

*Mzigo wa kila siku.* Kwa dada yangu ni Ijumaa jioni: anatoa kalamu kwenye friji, anaiacha dakika chache ipungue ubaridi, anafinya ngozi ya tumbo, sekunde kumi imeisha. Kinachobaki ni cha ndani. Alinieleza kwamba kwa mara ya kwanza tangu utotoni hawazi chakula kingine akiwa bado anatafuna kilichopo. Kichwa kimetulia. Lakini kila alipopandishwa dozi, siku mbili tatu harufu ya kikaango ilimfukuza jikoni, na aliwahi kula biskuti kavu tatu siku nzima akidhani ndiyo maendeleo. Haikuwa maendeleo, alikuwa anakula misuli yake. Usumbufu mwingine ni upatikanaji: ukikatika, ratiba nzima ya dozi inaweza kuanza upya kutoka chini.

*Mlango wa kurudi.* Uko wazi. Kilo nazo zinaingilia mlango huohuo.

*Inamfaa* mwenye BMI ya 30 na kuendelea, au 27 akiwa na ugonjwa unaotokana na uzito, ambaye njaa yenyewe ndiyo adui yake, na ambaye ana uhakika wa kuipata dawa kwa miaka. Huo uhakika ni sehemu ya kipimo, sawa na sukari na shinikizo.

KISU: upasuaji wa tumbo

Aina kuu ni mbili, na zote siku hizi hufanywa kwa matundu madogo. Ya kwanza hukata na kutoa kama robo tatu au zaidi ya tumbo, libaki bomba jembamba. Ya pili hutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kikapita njia ya mkato. Watu hudhani siri ni udogo wa tumbo. Siri kubwa ni homoni: sehemu inayotoa ghrelini nyingi imeondolewa au imepitwa, na chakula kinapofika utumboni mapema GLP-1 ya mwili wenyewe hupanda sana baada ya mlo. Kuna wenye kisukari ambao sukari yao hutulia siku chache baada ya upasuaji, kabla hata kilo hazijapungua.

*Inapunguza nini.* Kwa kawaida robo hadi theluthi ya uzito wote katika mwaka mmoja au miwili ya kwanza. Jaribio la STAMPEDE la Cleveland Clinic liliwachukua watu 150 wenye kisukari. Baada ya miaka mitano, waliofikisha sukari ya wastani, HbA1c, ya asilimia 6 au chini walikuwa asilimia 29 kwa njia ya mkato, 23 kwa tumbo lililokatwa, na 5 kwa dawa peke yake. Dawa za wakati ule, tukumbuke, hazikuwa tirzepatide.

*Inadumu?* Hapa haina mshindani kwa urefu wa ushahidi. Utafiti wa Uswidi ulioanza 1987 chini ya Lars Sjöström uliwafuatilia watu 4,047, nusu yao wakiwa wamepasuliwa. Miaka 20 baadaye waliopasuliwa walikuwa bado wako karibu asilimia 18 chini ya uzito wa mwanzo. Wengine walikuwa karibu palepale. Waliopasuliwa walikufa kwa kiwango kidogo kuliko wenzao, na hesabu iliyochapishwa 2020 iliona wameishi kama miaka mitatu zaidi. Kilo kadhaa hurudi kuanzia mwaka wa pili au wa tatu. Ambaye hakuandaliwa kwa hilo huona ameshindwa wakati hajashindwa.

*Madhara.* Vifo ndani ya siku 30 katika utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2009 vilikuwa kama watu 3 katika kila 1,000, na vingi vilitegemea hali ya mgonjwa alivyoingia. Kuna kuvuja kwenye mshono, kuvuja damu, damu kuganda miguuni. Tumbo lililokatwa huzidisha kiungulia. Njia ya mkato humfanya aliyekula sukari nyingi atoke jasho, moyo umwende mbio na tumbo limkate, na vidonge vya maumivu kama ibuprofeni vinaweza kumletea vidonda. Upungufu wa madini ya chuma, vitamini B12, kalisi na vitamini D unaweza kujitokeza hata miaka mingi baadaye. Pombe nayo, baada ya njia ya mkato, huingia damuni upesi na kwa nguvu, na uwezekano wa kuwa mtumwa wake unaongezeka. Mficha uchi hazai: mwambie daktari unakunywa kiasi gani kabla hajashika kisu.

*Mzigo wa kila siku.* Rafiki yangu miezi ya mwanzo alikuwa anakula kwa kijiko cha chai, anatafuna mpaka tonge liwe uji, anasimama, anasubiri. Maji hayanywi pamoja na chakula. Anasubiri nusu saa. Mara moja alijisahau kwenye mazungumzo, akameza tonge la kawaida, na nilimwona akitoka mezani bila kuaga, mkono kifuani. Sasa ni miaka mitano na anakula karibu kama sisi, ila kidogo. Vidonge vya vitamini kila siku, damu kupimwa kila mwaka, maisha yote. Ngozi iliyolegea nayo hakuna aliyemtayarisha nayo, na ndiyo inayomkera kuliko vyote.

*Mlango wa kurudi.* Tumbo lililotolewa halirudishwi. Njia ya mkato inaweza kubadilishwa, lakini ni upasuaji mwingine mgumu.

*Inamfaa* mwenye BMI ya 35 na kuendelea, kama miongozo ya kimataifa ya 2022 inavyosema, hata kama hana ugonjwa mwingine, na mwenye 30 hadi 35 ambaye ana kisukari au matatizo mengine ya umetaboli. Kwa watu wenye asili ya Asia viwango hivyo viko chini zaidi, 27.5. Anayevuta sigara aache kwanza.

Ukiwa katika hali hii

Kama sukari yako imeanza kupanda, kiuno kimezidi nusu ya urefu, na BMI bado haijafika 30, anza na sahani na ujipe miezi sita ya kweli, yenye mtaalamu wa lishe na vipimo mwanzo na mwisho. Asilimia 7 inatosha kubadili mengi.

Kama una kisukari cha aina ya pili cha miaka michache na unaweza kuvumilia miezi mitatu migumu, muulize daktari kuhusu mpango wa kalori chache sana. Kikiwa na miaka kumi na zaidi na unatumia insulini, uwezekano wa kukifuta kwa njia hiyo ni mdogo. Sindano au upasuaji vinakupa nafasi kubwa zaidi.

Kama umeshapata shambulio la moyo au kiharusi na uzito umezidi, zungumzia semaglutide mapema, kwa ajili ya moyo kwanza.

Kama BMI ni 40 na zaidi, magoti yamechoka, usingizini unakoroma na pumzi inakatika, usizungushwe miaka mitano ukiambiwa ujaribu tena kula kidogo. Omba kupelekwa kwa timu ya upasuaji ukasikilize. Kwenda kusikiliza si kukubali.

Kama unataka mtoto ndani ya mwaka, sahani ndiyo iliyo karibu nawe. Baada ya upasuaji hushauriwa kusubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu.

Kama umewahi kuwa na ugonjwa wa kula, au pombe inakushinda, anzia kwa mtaalamu wa afya ya akili, kisha njia itachaguliwa naye akiwepo mezani.

Kama huna uhakika wa kuipata dawa mwaka ujao, usianze sindano kwa matumaini. Panga sahani, au fikiria upasuaji ikiwa vigezo vinakuruhusu, maana gharama yake kubwa hulipwa mara moja.

Na kama ulishachagua moja na kilo zimeanza kurudi, njia hizi huunganishwa. Wapo waliopasuliwa wanaoongezewa sindano mwaka wa tano, na wapo wanaotumia sindano ambao baadaye huchagua kisu. Peleka kwa daktari namba za kiuno, sukari na shinikizo za miezi mitatu iliyopita pamoja na orodha ya dawa zako zote, na umwambie mwezi gani mambo yalianza kubadilika.